Karatasi Nne za Bwawa

Huayllapata, 14 Agosti

Kaka Fidencio,

Pokea salamu zangu. Naomba barua hii ikukute mzima huko Lima, na kile kifua kiwe kimepoa. Sisi hatujambo, mama anakula vizuri na anakulalamikia kwamba huandiki.

Kaka, kijiji kimechagua pa kujenga bwawa, na mpaka leo sijaacha kushangaa. Alikuja mtaalamu wa maji, dada mmoja mpole aitwaye Rosaura Ccallo. Hakutaka tunyooshe mikono. Kila nyumba iliandika kwa siri itatoa siku ngapi za kazi bwawa likijengwa kwenye konde letu la chini, au kule juu Torrepampa, na kwa nini. Karatasi za kwanza, konde letu lilishinda kwa mbali.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe Rosaura alizisoma sababu zote bila kutaja majina, akasema mtu hawezi kupima jambo asilolijua kabisa, basi tuandike upya. Sababu moja ilisema vyura hawatagi tena kule chini. Teófilo akadakia, "Kwani bwawa ni letu au la vyura?" Watu wakaangua kicheko. Mama Saturnina, yule mchunga llama, akainuka: "Cheka tu, mwanangu. Chura anahama mahali ambapo maji yananywewa na ardhi." Kicheko kikakatika. Karatasi za pili, nusu ya nyumba zilibadilika.

Rosaura akasema tutaandika mpaka pasiwe na jipya. Na mtu ambaye habari yake itamkosesha bwawa, kijiji kitamchimbia mfereji hadi shambani kwake, ili kusema kweli kusimtie hasara.

Sasa nikiri, kaka. Mimi nilijua. Lile shimo la mgodi kwenye konde letu la chini, lililommeza nyumbu wetu, mimi, wewe na marehemu baba ndio tuliolifukia tukapanda viazi juu yake. Nilinyamaza mara mbili, kwa tamaa ya maji kuanzia kwetu. Na chini ya konde lile ipo shule; bwawa likitumbukia shimoni, maji yote yangeishukia. Nilijiona nawashinda majirani kwa akili, kumbe maskini hawakujua hata kwamba kuna la kuuliza! Hilo ndilo lililonigeuza. Karatasi ya tatu nikaandika yote.

Iliposomwa, watu wakaulizana ni nani aliyeandika. Nikasimama nikasema ni mimi, na wewe nikakutaja. Karatasi za nne zote zikasema Torrepampa. Mama yetu alitoka akaenda kusimama mlangoni pa shule, akawatazama watoto wakitoka, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Ukikasirika, niandikie hasira zako, nitazisoma. Wape shemeji na watoto mapenzi yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Hermógenes