Sentimita Tatu za Mguu wa Kushoto

Chumba cha nyuma, mlango umefungwa,
Jumatano, siku ya nane ya korona yangu.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja umeshika kalamu. U hali gani huko ulipo? Goti lako je, bado linatabiri mvua? Na shemeji, bado anakoroma kama trekta lililokwama, au mmeshampeleka kwa fundi? Mwandiko wangu ukiyumba usilaumu maradhi. Uliyumba hata darasa la tano, ndiyo maana shule na mimi tuliachana kwa amani.

Naam, nimeipata korona. Usianze kulia, soma kwanza.

Fundi cherehani wa nyumba ya tatu aliniita, sinki lake limeziba. Wifi yako akanizuia mlangoni: "Na hiyo damu yako ya matatizo, unakwenda wapi?" Nikamjibu nakwenda kutazama tu. Lakini kazi ya bomba haifanywi kwa macho, wewe. Nililala chini ya lile sinki saa nzima, tochi nimeiuma menoni kama nilivyozoea miaka arobaini, na barakoa nimeishusha kidevuni, maana mtu hawezi kuuma tochi akiwa amejifunika mdomo. Mwenye sinki kasimama juu yangu, anakohoa. "Vumbi la vitambaa tu hili, fundi, usijali." Nami, mzee mzima mwenye mvi mpaka puani, sikujali. Siku ya nne koo likaanza kuwasha. Wakanichokonoa pua, ikaonekana.

Ule ugonjwa wangu wa damu sijapata kukueleza sawasawa, kwa sababu kila ukiuliza naleta mzaha. Leo sikiliza. Wenzangu hupungukiwa damu, mimi inanizidi. Uboho wa mifupa yangu unaitengeneza bila breki, mpaka inakuwa nzito kama rangi ya mafuta iliyoachwa kwenye kopo wazi. Huu mwaka wa tisa sasa, kila baada ya miezi miwili nakwenda hospitali, wananitoa nusu lita, wanaimwaga. Hauponi, unatulizwa tu.

Sasa korona nayo, anavyosema daktari wangu wa damu, hugandisha damu hata ya mtu mzima wa afya. Mwanamke huyo nimempa jina Mama Sindano, naye hucheka kila nikiingia. Safari hii kwenye simu hakucheka. "Mzee, leo usinichekeshe. Kila asubuhi upime mashavu ya miguu yote miwili. Mmoja ukimzidi mwenzake sentimita mbili, usimuulize mtu. Njoo."

Mtu mwingine akiambiwa damu inaweza kuganda, anasikia maneno. Mimi naona bomba. Nimezibua mabomba tangu sina ndevu, na uchafu naujua tabia zake: hujishikiza kwenye kona ukakaa kimya, siku moja unang'oka, unasafiri, unakwenda kuziba mbele palipo pembamba. Na kutoka mguuni, mbele ni mapafu. Sihitaji kuchorewa ubaoni.

Basi wifi yako huketi kwenye stuli nje ya mlango, ananiuliza vipimo, anaviandika nyuma ya kalenda.

"Wa kulia?"

"Thelathini na tatu."

"Wa kushoto?"

"Pacha wake."

Anacheka, anaandika.

Juzi wa kushoto ulikuwa thelathini na nne. Nikasema pacha. Jana thelathini na tano. Pacha. Leo nimepima mara tatu, nikautukana mkanda wa kupimia, nikapima tena: thelathini na sita. Ngozi inang'aa, ina moto. Nikasema pacha, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Mdogo wangu, wateja nimewadanganya siku ya kumaliza kazi, hilo kila fundi hudanganya, lakini kipimo, kamwe. Na usinitupie ile methali ya mficha maradhi. Mwalimu aliniandikisha mara hamsini.

Unamkumbuka Mrefu, mwenzangu wa kazi? Mwezi uliopita aliingia wodi ya korona kwa miguu yake, kabeba malapa na redio ndogo, akinionya nisiguse spana zake. Siku ya tano tulisimama ng'ambo ya barabara, gari likapita na jeneza lake, basi. Kufa nitakufa, sikuzaliwa jiwe. Ninachoogopa ni kufa kule, kati ya watu waliofunika nyuso, pasipo hata mmoja anayejua kwamba mimi ni mcheshi. Naogopa. Neno hili sijawahi kumwandikia mtu. Nimejaribu kulifanyia mzaha, limegoma.

Nilipofika hapo wifi yako akagonga. "Mbona kimya, mzee? Umelala?"

"Namwandikia kitinda mimba."

"Unamwandikia nini?"

"Uongo."

"Mchanganyie na ukweli kidogo, asivimbiwe."

Maskini, alikuwa anatania tu. Mimi nikaweka kalamu chini. "Mama watoto, futa."

"Nifute nini?"

"Zile pacha za siku tatu. Wa kushoto ni thelathini na sita."

Nilisikia stuli ikianguka. Mlango uliofungwa siku nane ukafunguka, akaingia bila barakoa, akaweka kiganja mguuni pangu, akakiondoa haraka. Mimi nimegeuzia uso ukutani nisimpumulie. Nilingoja matusi. Akasema tu, "Tangu lini?" Nikamwambia.

Akampigia Mama Sindano palepale. Nikamsikia akisema, "Umevimba leo asubuhi, daktari, ndiyo kwanza tumeona." Ananifichia aibu, mke wangu! Ikabidi mimi, mwongo mkuu wa nyumba hii, nipige kelele kutoka kitandani: "Juzi! Mwambie umeanza juzi!"

Gari linakuja. Nimeambiwa nisisimame. Sijui kama nimesema mapema au nimechelewa, na hakuna wa kunijibu kabla ya kufika kule.

Nisalimie shemeji, na wale mapacha wako, na yule mpwa wangu mfupi anayejibu wakubwa, mwambie asiache. Mungu awape nyote pumzi ndefu, na akibakiwa na kidogo, anikumbuke.

Wako akupendaye, leo bila mzaha,

Kaka yako, fundi bomba.