Mama, Bajeti Imepita kwa Wakati

Mpendwa Mama,

Mwaka huu bajeti ya kaunti imepita mapema, na nimeona uambiwe wewe kwanza, maana kanuni iliyoisukuma ilitoka jikoni kwako.

Unakumbuka ndugu za Baba walivyobishana kuhusu mbegu ya kupanda kule Rongai? Huyu alitaka inayokomaa haraka, yule alitaka inayozaa sana. Mvua ikaja ikapita wao bado wanabishana, kila mmoja na kikombe cha chai mkononi. Msimu uliofuata wewe ulipika kuku, ukamfunika, ukasimama mlangoni na mwiko.

"Hakuna kula mpaka mkubaliane. Mvua haingoji mkutano."

"Shemeji, si unatuua na hii harufu!" alilia Baba Mdogo.

Walikubaliana hata kabla ugali haujapoa. Mimi nilicheka hadi nikatoka nje, lakini wewe hukutabasamu hata kidogo.

Halafu ukaja kukaa nami mjini, kule Free Area, na presha ikaanza kukusumbua. Pale dispensari walikuwa wakikwambia, "Mathe, rudi wiki ijayo, bajeti bado iko bungeni." Nawe ukirudi unaniambia eti dawa zipo za kutosha. Tulipokwisha kukuzika ndipo nilipokuta chini ya mto wako vidonge ulivyokuwa umevikata nusu kwa kisu, ili vikufikishe hadi dawa nyingine zije. Nilikasirika, Mama. Nilikasirikia waliochelewesha, na wewe pia kwa kunificha. Ni hasira hiyo iliyonifanya nigombee kiti cha wadi yetu katika bunge la kaunti.

Huko bungeni niliwakuta watu wale wale kama ndugu za Baba, isipokuwa hawa wamevaa suti. Nikaleta pendekezo la kubadilisha kanuni zetu: bajeti ikishafika, hakuna hoja nyingine wala safari ya kamati mpaka ipitishwe.

"Mheshimiwa, sasa unataka tukose trip? Wacha hizo!" mmoja akanivamia kwenye korido.

"Trip iko palepale, boss. Pitisha bajeti kwanza."

Niliwasimulia habari za yule kuku wako. Walicheka, wakanibandika jina la Mama Mwiko, na siku ya kura wengi wakaniunga mkono. Wale wale waliokuwa wakivutana hadi muda unapita, safari hii walimaliza kazi siku zikiwa zimebaki. Kumbe wanaweza! Nami najua mwakani wataweza tena, kwa sababu nitakuwepo.

Juzi nilipita dispensari. Nesi alinikaribisha vizuri, nikamuuliza kama dawa ya presha ipo.

"Iko, tena ya mwezi mzima. Ni ya nani?"

"Ni ya mama," nikajibu, kabla sijakumbuka.

Pumzika, Mama. Kanuni yako hawataigusa nikiwa nimekaa mle ndani.

Ni mimi, kifungua mimba wako.