Siku Halvern Ilipofika Kamalondo

Kamalondo, Lubumbashi
Jumatano

Kwa yaya wangu Yassine, kaka mkubwa na mtoto wa kwanza wa nyumba yetu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza nakujulia hali: mwili, kazi, na ule mgongo unaokusumbua kila mwisho wa mavuno. Kama umepona, alhamdulillah. Kama bado, acha kupanda ngazi za silo, lile ghala lenu la nafaka, kama kijana anayetafuta mchumba. Sisi huku ni wazima wa mwili, na moyo umeuzidi mwili. Mama mzima, Nafisa mzima na sasa ni mke wa mtu, mimi mdogo wako Chadia mzima. Mvua ya kwanza ilipiga mabati jana, vumbi jekundu limelala, na nyumba nzima bado inanukia pilau.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati simu ipo. Kwanza, Madame Lorna, mgeni uliyemtuma, anapanda ndege Jumamosi, na amesema harudi kwenu Halvern mikono mitupu. Pili, nina neno moja ambalo kwenye simu ungenikatiza kabla sijalimaliza. Karatasi haikatizwi. Basi kaa, soma taratibu, na usiruke mistari kwenda kulitafuta.

Uliposema kwamba karatasi zako za ukaazi hazijakamilika, kwamba ukitoka Amerika hutaruhusiwa kurudi, na kwamba jirani yako, mwalimu mstaafu, angekuja harusini kwa niaba yako, tulitazamana. Nafisa alilia. Mama hakulia. Alisema tu kwamba mtu aliyekosa maziko ya baba yake, harusi ya dada yake itamwuma wapi? Kisha akaendelea kuchambua mchele. Unajua hali yake tangu Baba atutoke, ni mwaka wa pili sasa. Sikudanganyi: jina lako alikuwa analitaja kwa shida. Lakini usidhani alikuchukia. Alikuwa na hofu moja aliyoifunga ndani kama fundo la kitenge, kwamba umekwenda kuishi mahali pasipo na watu.

Nilikwenda uwanja wa ndege wa Luano kumpokea mgeni wako. Sikuwa na haja ya kuandika jina lake kwenye kibao. Alitoka mwanamke mrefu, nywele nyeupe fupi, miguuni viatu vya shambani, akaniona kabla sijamwona, akapaza sauti uwanja mzima usikie: “Jambo yenu! Mi niko Lorna, muntu wa Yassine!” Madereva wa teksi walicheka mpaka mmoja akambebea mzigo bila kuombwa. Yaya, ni wewe uliyemfundisha hivyo? Baba alitukataza kuandika Kiswahili cha sokoni, lakini wewe umekisafirisha hadi Nebraska.

Alileta blanketi kubwa ambalo wanawake wa Halvern walimshonea Nafisa, limeungwa kwa vipande vya nguo za kila nyumba. Mama, mjane wa fundi cherehani, kabla hata ya kushukuru aliligeuza atazame mshono kwa nyuma. Akakuta umenyooka. Ndipo akamkaribisha mgeni kuketi. Jioni ile Madame Lorna alikula ugali wetu wa bukari na mboga za lengalenga kwa mkono, akajimwagia mchuzi hadi kwenye kiwiko, na watoto wa mtaa wote walisimama mlangoni kushuhudia.

Ndoa aliifungisha baba mdogo Asumani msikitini, kwa idhini uliyompa. Baadaye tukaingia ukumbini, familia mbili zikaketi zikielekeana kama desturi. Kwenye kiti cha kaka wa bibi harusi Nafisa alisema hatakaa mtu mwingine ila yule uliyemtuma. Watu wa bwana harusi wakanong’onezana. Mwisho Mzee Feruzi, baba mkubwa wa Bilal, bwana harusi wetu, akasimama na fimbo yake. Unamfahamu kwa sauti: hata akiomba chumvi utadhani anahutubia. Alisema kwamba hakuna anayekaa kwenye kiti kile bila kujieleza. “Ule mama atuambie kwabo ni wapi,” alisema, “na bantu ba kwabo beko ba namna gani. Tunatoa mutoto yetu, tunataka kujua tunaingia mu familia gani.”

Nikamtafsiria. Nilidhani ataona haya. Yeye akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shali, akasimama kama mwalimu anayeingia darasani. Kwanza aliniuliza ukumbini mna watu wangapi. Nikamwambia labda mia tano, na wengine wako nje. Akacheka, akasema kwamba basi amekuja kuzungumzia mji ambao ungeingia wote katika ukumbi huu, na wapishi wakabaki na nafasi ya kupita. Hapo akawa amewapata. Watu wa Kamalondo wakishacheka, wanasikiliza.

Alianza na zamani. Alisema ardhi ile ilikuwa ya Wapawnee, wenyeji wa kwanza, waliolima mahindi yao na kuwinda nyati, kisha wakaondolewa. Neno hilo alilisema mara mbili, akaniomba nami nilitafsiri mara mbili, nisilipitie juu juu. Halafu ikaja reli. Nyuma ya reli wakaja Wadenmark na Wajerumani maskini, ambao kwa kukosa miti walijenga nyumba za vipande vya udongo na nyasi. Mzee Feruzi alishindwa kujizuia: “Kumbe nabo balijenga na udongo!” Madame Lorna akasema ndiyo, na nyoka walikuwa wakianguka kutoka darini wakati wa chakula. Jina la Halvern, alisema, ni la mkubwa mmoja wa reli ambaye hakuwahi kulala pale hata usiku mmoja. Wazee wetu wakatikisa vichwa. Mji uliozaliwa na reli, ukapewa jina na mtu wa mbali, huo hawahitaji kuelezwa.

Kisha akawachorea nchi kwa mikono. Nchi ya bapa kama meza, upepo usiochoka, kijito kimoja chenye miti kando yake, na silo unakofanya kazi wewe, inayoonekana kwa mbali kama sisi tunavyoiona cheminée, lile bomba la moshi la kiwanda, tukirudi kutoka safari. Na mahindi. Mahindi kushoto, mahindi kulia, mahindi hadi mbingu zinapogusa ardhi. Wanawake wakapiga vigelegele. Akaongeza kwamba mengi ni ya kulisha ng’ombe, na mengine hutengenezwa mafuta ya magari. Vigelegele vikakatika. “Mahindi yote ile banapatia ngombe?” alipiga kelele shangazi Asha kutoka jikoni, mwiko mkononi. “Na bukari hakuna? Weee, Mungu wangu!” Ilibidi tungoje kicheko kiishe.

Alipofika kwenye watu, sauti yake ikashuka. Wakati wa babu yake Halvern ilikuwa na watu zaidi ya elfu, benki, kiwanda cha siagi, na bendi iliyopiga tarumbeta kila Jumamosi. Kisha mashine zikawa kubwa, mashamba yakamezana, na leo mtu mmoja analima walipolima majirani kumi na wawili. Treni inapita bila kusimama. Shule ilihamia mji mwingine. Daktari alizeeka akafa, zahanati ikafungwa, na tangu hapo wajawazito huenda kujifungulia mbali, zaidi ya saa nzima kwa gari, hata theluji ikianguka. Alisema hakuna mtoto aliyezaliwa ndani ya Halvern kwa muda mrefu sana, na kwamba mji hauanzi kufa makaburi yanapoongezeka, unaanza kufa hapo. Kibao cha barabarani kinasema watu 386. Lakini serikali ilihesabu kabla wewe hujafika. Yeye akihesabu, anasema 387.

Wakapiga makofi. Nilidhani tumemaliza. Ndipo Mama akasimama.

Unajua mama wa bibi harusi hasemi wakati ule. Yeye alisema, tena akinitazama mimi, si mgeni. “Umuulize,” aliniambia. “Mutoto yangu akikufa kule, nani atamuosha? Nani atamuzika?”

Nilitafsiri kwa sauti ndogo. Madame Lorna alimgeukia Mama. Alimwuliza kama Yassine aliwahi kumsimulia siku ile habari za msiba wa Baba zilipofika Halvern. Mama akatikisa kichwa. Mimi pia nikatikisa kichwa. Kwa nini hukutuambia, Yaya?

Basi akasimulia yeye. Kwamba ilikuwa katikati ya mavuno, malori yamepanga foleni hadi barabara kuu, ukapokea simu, ukakaa chini kwenye changarawe. Kwamba meneja alizima mashine zote, na wenye malori, bila kuambiwa, nao wakazima injini, mmoja baada ya mwingine, hadi upepo tu ukasikika. Kwamba mkulima jirani yako aliacha shamba lake, akaendesha nusu siku kwenda mji mkubwa kumleta imamu asiyemjua, ili usimwombee baba yako peke yako. Nyumba yako ilikuwa ndogo, wakafungua ukumbi wa michezo wa shule ya zamani. Wakaja. Walipokuona umevua viatu, na wao wakavua. Wakakaa kando ya ukuta, wazee wa kilimo na soksi zao, wakinyamaza wakati imamu na wewe mkimsomea Baba khitima. Wiki nzima wakakuletea chakula, na kila mmoja kwanza aliuliza unakula nini na huli nini. Madame Lorna alisema hajui sheria zetu za kuosha maiti, lakini anajua barabara ya kwenda kwa imamu, na kila mtu Halvern sasa anaijua.

Sehemu ya mwisho niliitafsiri vibaya, Yaya, kwa sababu nilikuwa nalia. Lakini walielewa. Mama alivuka ukumbi mzima mbele ya watu wote, akafungua kitenge chake cha juu, kile cha harusi, akamfunga Madame Lorna kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Akasema neno moja, si kwa mgeni wala kwangu, ni kama alikuwa anamweleza Baba: “Kumbe mutoto yetu iko na bantu.”

Kilichofuata siwezi kukiandika. Mzee Feruzi alicheza bila fimbo. Madame Lorna alicheza na viatu vyake vya shambani mpaka umeme ulipokatika, akaendelea kucheza gizani. Na asubuhi Mama alimwuliza ni mwezi gani Halvern haina baridi ya kumdhuru mtu mzima, kwa sababu anakwenda kuanza kutafuta pasipoti. Kwa hiyo fagia nyumba yako.

Sasa lile neno.

Tangu nimalize masomo ya ukunga, wewe na mimi tumekuwa na mpango: nije kwako, nisome tena miaka michache kama sheria yao inavyotaka, kisha zahanati ya Halvern ifunguliwe mikononi mwangu. Najua umehangaika. Najua kamati ya mji imekubali, na Madame Lorna ameniambia kwamba hata kuta wamezipaka rangi. Yaya, sitakuja. Ninakwenda Pweto.

Usikasirike kwanza. Mwaka jana nilifanya stage, mafunzo yangu ya kazi, kule, kwenye kituo kidogo cha afya kando ya Ziwa Mweru, ambako muuguzi mkuu, Wivine, hufanya kila kitu peke yake. Wanawake wanafika kwa mtumbwi au nyuma ya pikipiki, na wengine hawafiki. Wivine aliniomba nirudi. Nikamwambia nitafikiria, nikajiambia kwamba Amerika ndiyo jibu la kila swali. Lakini siku ile ukumbini, nilipokuwa natafsiri habari za mji usiozaliwa watoto, kinywa changu kilikuwa kinasema Halvern, na macho yangu yalikuwa yanaona Pweto. Tofauti ni kwamba Pweto watoto wapo, tele, wanagonga mlango kila siku. Anayekosekana ni wa kuwapokea. Asubuhi yake nilimpigia Wivine nikamwambia ndiyo, na moyo wangu ukawa mwepesi kiasi kwamba nilifua mashuka yote ya nyumba.

Madame Lorna nilimwambia jikoni, tukichambua samaki wakavu ambao Wivine alinitumia kwa ajili ya harusi. Alimaliza kwanza samaki aliyekuwa mkononi. Kisha akasema Halvern watasikitika, wala hatawadanganya kwamba hawatasikitika, na kwamba atawaeleza yeye mwenyewe. Aliniambia kwamba alipokuwa na umri wangu alipewa kazi nzuri katika mji mkubwa, akaikataa ili afundishe watoto kumi na wanne wa Halvern, na mama yake hakusema naye mwezi mzima. Halafu akaniuliza ziwa lina ukubwa gani, na kama samaki hawa wanaliwa pamoja na vichwa vyao. Nikamwambia kichwa ndicho kitamu. Akala.

Mama ameridhia. Anasema Pweto ni mbali, ila atafika kwa lori na kurudi kwa lori bila kuomba ruhusa ya balozi yeyote. Nakuomba radhi kwa kuuvunja mpango wetu, na zaidi nakuomba dua yako.

Nafisa na Bilal wanakusalimu, bado wana hina mikononi. Shangazi Asha anakusalimu na anasema uwaonyeshe watu wale bukari. Mzee Feruzi anasema sasa wewe ni mwanawe. Mama anakusalimu kwa jina lako kamili, na kila Ijumaa baada ya sala atakuwa anangoja sauti yako. Nisalimie Halvern nyumba kwa nyumba, hasa yule aliyekwenda kumleta imamu.

Lori langu linaondoka Jumatatu. Ukitaka kunijibu, usihangaike kutafuta mtaa wala namba. Andika tu Chadia, mkunga, Pweto. Wataniletea.

Mdogo wako akupendaye,
Chadia