Hina ya Harusi na Vidonge Vyako

Mdogo wangu mpenzi Zubeda,

Nakusalimu kutoka Raskazone, ambako kunanyesha tangu alfajiri. Asubuhi, kwenye nyumba ya wageni, nimekunywa chai kwa mkate wa kumimina na binti mmoja mkemia anayetafiti vidonge vya saratani kama hivyo vyako. Nilipomwambia unataka kuviacha mpaka harusi ya mwanao ipite, ili viganja vilivyobabuka kwa vidonge hivyo vipone upakwe hina, aliweka kikombe chini.

"Mama, saratani ina njia nyingi za kukua. Ukiifunga moja, inapita nyingine. Vidonge hivi hufunga kadhaa kwa pamoja."

"Na ngozi ya mdogo wangu imekosa nini?"

"Haijakosa kitu. Nayo inazitumia njia hizo hizo. Ndiyo maana bado tuko maabara, tunatafuta kidonge chenye adabu zaidi." Akacheka. "Asiache kwa uamuzi wake. Amwonyeshe daktari viganja, huenda akampunguzia dozi."

Nikamkumbuka marehemu shemeji yako. Naye alimeza vidonge vya namna hii; viganja vilipomwaka moto, nilimmenyea machungwa ya Muheza, naye akinisingizia kwamba nakula yote matamu.

Zubeda, kadi hii ikikufikia, meza kidonge chako kisha uende kwa daktari. Harusini nitaketi ubavuni mwako, nami sitapaka hina. Wakituuliza, tutawaambia safari hii tumewaachia watoto wapendeze.

Mungu akutunze, nikukute unacheka.

Dada yako,
Mwanaisha