Kona Nisiyoikata

Kyoto, 10 Mei

Mamdogo Shizuno,

Shikamoo. Habari za Sapporo, na mgongo wako? Sisi wazima, Babu anakohoa kidogo, ila kelele zake ziko palepale.

Nina neno sijamwambia mtu yeyote. Nikisikia hatua ukumbini, naficha karatasi hii chini ya kamusi. Neno lenyewe: namdanganya Babu.

Unajua kila masika tunavyopiga magoti juu ya ubao, tukikata kwa mkasi vijiti vyekundu vinavyoota juu ya kuvumwani, lile zulia la kijani la bustani, wageni wa hekalu wasivione. "Bustani yenye vijiti ni kidevu cha mlevi," husema Babu. Mwaka huu alinipa kona ya nyuma ya jiwe la kunawia. Sikukata hata kimoja. Nimeifunika kwa kapu.

Shuleni kule Vancouver nilijifunza kwa Kiingereza jambo ambalo kwa Kijapani sina ujasiri wa kumwambia. Kuvumwani ina madume na majike. Dume lina kisahani kichwani. Tone la mvua likikipiga, mbegu za kiume zinaruka na maji, zinaogelea hadi kwa jike. Kile kijiti ndicho mtoto wao, na kile kikofia cha manyoya juu yake kinafunika vijimbegu. Tunawakata wachanga! Halafu pale tawi lilipoangukia wakati wa kimbunga, Babu anashangaa kwa nini hapaoti kitu. Mwisho wa Juni anataka kupamwagia changarawe.

Mwanao,
Kozue

Sapporo, 19 Mei

Kozue mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini tumeshazoeana. Mpe Babu maji ya tangawizi, hata akinuna.

Mimi nilivikata miaka tisa. Siku nilipouliza kwa nini, baba yangu, huyo Babu yako, alijibu, "Anayeuliza hajui kazi." Nikaweka mkasi chini, nikapanda treni. Hadithi yangu ni hiyo tu. Mengine majirani wametia chumvi.

Sasa toa hilo kapu. Vijimbegu husafiri na upepo. Humo ndani vitakwenda wapi? Umeviokoa na mkasi, ukavifunga jela.

Atakufokea. Mimi nilifokewa nikakimbia. Wewe kaa.

Mama yako mdogo,
Shizuno

Kyoto, 21 Juni

Mamdogo,

Shikamoo. Mgongo umepata nafuu? Babu tangawizi anakunywa, akidhani simwoni.

Kapu nililitoa siku ileile barua yako ilipofika. Vikofia vikadondoka, vifuniko vikafunguka, vumbi la kijani likaruka. Siku ya nne Babu akaona.

"Nani kaacha ndevu hizi?"

"Mimi."

"Ulimi wa ng'ambo, mikono ya wapi? Kata!"

Nikasema hapana. Neno moja tu, Mamdogo. Tangu hapo hanisemeshi. Tunakula wali na supu ya miso kama abiria wasiojuana.

Leo asubuhi, pale penye upara, tawi lilipoangukia, nimeona nyuzi za kijani, nyembamba kama utando wa buibui uliolowa. Na magunia ya changarawe yako langoni. Nimesimamisha ubao wangu wa magoti mbele ya nyuzi hizo, nimeuandika kwa Kijapani, herufi kubwa: WAMEZALIWA. MSIMWAGE CHANGARAWE.

Nasikia hatua ukumbini. Huyo ni Babu, anakohoa; lazima ameshausoma ubao. Kamusi iko karibu na kiwiko changu. Siigusi. Karatasi hii naigeuza, maandishi yaelekee mlangoni.

Mwanao,
Kozue