Kistari cha Mama

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hujambo huko uliko? Mimi sijambo, ila macho. Daktari amenipa miezi michache tu ya kusoma, ndiyo maana nakuharakisha.

Nimepata kurasa ulizopanga kwa kompyuta ziwe kitabu, za daftari za ukunga za marehemu mama yako. Kazi nzuri, lakini lo, kalamu nyekundu imeniishia! Kila unapotaja chanzo kuna nukta ndani ya mabano na nyingine nje. Na kila penye jina la mama yako kistari kinaning'inia, kisha mkato: 1953–, daftari la tatu. Wakunga wenzake waliofariki wana miaka yao yote miwili. Kulikoni?

Baba yako

19 Machi

Shikamoo baba,

Pole na macho. Mimi mzima, ila baridi. Wewe ulisahihisha hata barua ya posa yangu, sembuse hizi kurasa!

Nukta nimeipata. Ile amri ya kompyuta niliyoitunga ya kutaja vyanzo huweka nukta yake yenyewe, nami nilikuwa nimeandika nyingine. Sasa nimeiambia: ukikuta nukta mbele yako, nyamaza. Kistari nacho nitakitengeneza. Amri hukiweka kati ya mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Ni hitilafu ya mashine tu.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hali yangu ni ileile, namshukuru Mungu. Nukta zimepona. Kistari bado kipo.

Nimefundisha miaka arobaini, namjua mwanafunzi anayesingizia kalamu. Wenzake watatu wanatoka sawasawa kwa amri hiyohiyo. Mashine gani hiyo inayomchagua mama yako peke yake?

Baba yako

30 Mei

Shikamoo baba,

Nisamehe kwa kimya changu. Natumaini u mzima.

Mashine haina kosa. Pale pa mwaka wa kufa nimepaacha wazi. Zinatakiwa tarakimu nne tu, na kila nikifika hapo mkono unagoma. Nikaibadili amri ili ikikuta pengo ifute kistari. Ikafuta kweli, mama akatoka kama mtu aliye hai, nikaona nawadanganya wasomaji. Nikairudisha.

Baba, sikuja kumzika. Mlipokuwa mnamfukia, mimi nilikuwa nimekaa hapa napanga kitabu cha mtu baki. Nahisi nikiandika huo mwaka, nitakuwa nimemzika kwa vidole vyangu, na bado sijamuaga.

Binti yako

12 Juni

Binti yangu mpenzi,

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimesomewa na jirani, na hii anaandika yeye. Macho yalikwisha wiki iliyopita. Usilie.

Nilikukemea bure. Fundi wa jiwe la kaburi alichonga mwaka wa kuzaliwa, akachonga kistari, nikamwambia akomee hapo. Watu wakiniuliza nasema fundi mvivu. Maskini, kumbe anasubiri ruhusa yangu, nami nakungoja wewe.

Mama yako ameuawa na maradhi, si na vidole vyako. Andika.

Baba yako

27 Juni

Shikamoo baba,

Nimeandika 2022. Kistari kimepata mwenzake, mkato umekaa mahali pake, kurasa zote mia mbili na kumi zimetoka safi. Nimelia mbele ya wenzangu kazini, wakatoka, wakanifungia mlango nilie kwa nafasi.

Kitabu sikitumi kwa posta. Nakileta mwenyewe mwezi ujao, nikusomee ukurasa kwa ukurasa, nawe uniambie pa kutia wekundu. Mwambie fundi anoe tindo yake, ila asiguse jiwe mpaka nifike. Huo mwaka nitamtajia mimi.

Binti yenu