Mwili Isizoee

Jumatano, tarehe 12 Machi
Asubuhi makohozi manne, vinyesi sita, na damu za malaria mpaka macho yamechoka. Vidole vimebaki na rangi ya urujuani ya maabara, haitoki hata kwa sabuni. Saa tano milio ya bunduki upande wa Kigwena. Tumezoea. Nikaendelea na hadubini yangu.

Saa saba wameleta hapa kituo cha afya watu wa kamyoneti ya mawese, gari dogo la mizigo. Imeviziwa kwenye michikichi. Waliokufa wameachwa barabarani, hakuna wa kurudi kuwachukua. Waliofika hai ni watatu. Mmoja ni Hamisi, mdogo wangu.

Risasi imepasua paja la kushoto na kuvunja mfupa. Suruali yake ilikuwa imeloa damu na mawese, huwezi kutenganisha. Aliponiona akacheka. «Kaka, mafuta yote imemwagika.» Kisha akazirai. Nilitamani kumzaba kofi. Nilimkataza barabara ile mara ngapi?

Alhamisi, tarehe 13 Machi
Daktari ametoa vipande vya mfupa kwa koleo. Dawa ya ganzi haikutosha. Nimeshika mabega, Mama ameshika kichwa na kusoma dua sikioni mwake. Sasa penisilini ya sindano, ndiyo iliyopo. Wale wawili wengine wamekufa, mmoja asubuhi, mwingine wakati wa chakula.

Jumamosi, tarehe 15 Machi
Kidonda kinanuka. Nimechukua usaha, nikaupaka rangi. Chini ya hadubini, vichala vya zabibu, urujuani mtupu. Nawajua bakteria hawa. Nusu nimeupanda kwenye sahani ya chakula cha bakteria, katikati nikaweka kipande cha karatasi chenye penisilini. Nasubiri.

Niliporudi wodini nimemkuta Mama amefungua kapsuli za rangi mbili na kunyunyiza unga wake kidondani. Nimefoka mbele ya wagonjwa wote. Nimemwambia dawa ikitumiwa ovyo inazoewa, ikishazoewa haifanyi kazi tena. Ameuliza, «Inazoewa na nani?» Nikasema inazoewa tu, Mama, usinichoshe. Akafunga kidonda.

Nimeona aibu baadaye. Kapsuli zile nani alizipeleka nyumbani? Mimi. Miaka yote nimebeba mabaki ya hapa, kijiji chetu chote cha Gatete kinanyunyiza.

Jumapili, tarehe 16 Machi
Sahani imejibu. Bakteria wameota mpaka ukingoni mwa karatasi, wengine juu yake kabisa. Kama penisilini ingewaua, pangebaki duara tupu. Hakuna duara. Tunamchoma Hamisi sindano za bure.

Nimetoa fotokopi yangu ya makala. Alitupa mwalimu wa biokemia, Bujumbura, akiwa na furaha ya mtoto. Watu walikifanya kimeng'enya cha bakteria, kile kinachovunja penisilini, kuwa fuwele, kama chumvi, wakakipiga miale ya eksirei, wakajua kila chembe imekaa wapi. Mwalimu aliuawa mwaka uliofuata, kwa panga, mlangoni kwake, na watu aliokuwa akiwasalimia kila siku. Fotokopi ninayo.

Nimekichora tena hapa kwa penseli ili nitulie. Sehemu mbili, moja imejaa misokoto, nyingine ina misokoto na mikanda iliyolala pamoja. Kati yao bonde. Ndani ya bonde, namba sabini katika mnyororo, asidi amino iitwayo serini. Penisilini ina pete ya pembe nne, na nguvu yake yote imo humo. Inaingia bondeni, serini inaikamata, pete inavunjika. Tone la maji linaitoa nje, mzoga. Kimeng'enya kinabaki kizima kabisa na kusubiri penisilini nyingine. Kazi hiyo kinaifanya bila kuchoka. Ni kitu kizuri kukitazama na ninakichukia.

Kuna kitu kinachokiziba, asidi ya klavulani. Inaingia bondeni, inakamatwa, lakini haitoki. Inakwama humo. Dawa ya pili, ya jamii ya penisilini, inapita salama na kuwaua. Kuna vidonge vyenye vyote viwili. Hapa hakuna. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, vipo.

Jumatatu, tarehe 17 Machi
Nimemwambia Bahati. Ni jirani yetu, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mvuvi, sauti nzito ya kwaya ya kanisa lao. Mtumbwi wake unaweza kupita Kabonga hadi ng'ambo. Jeshi limepiga marufuku mitumbwi. Anajua. «Ninaenda, muganga. Hamisi ni ndugu.» Nimemwandikia jina la dawa kwenye karatasi, herufi kubwa.

Sikumkataza. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya.

Jumanne, tarehe 18 Machi
Wamevamia kituo. Saa sita mchana, jua kali, nguo za wagonjwa ziko kwenye kamba. Sijui walikuwa wa upande gani, na kwa aliyelala kitandani haina maana. Walitaka dawa, kisha wakataka majina, wajue nani ni wa upande gani. Mzee wa kitanda cha pili alitaja lake. Wakamchoma singe tumboni, mara tatu, polepole, wakimtazama usoni.

Nimepigwa kitako cha bunduki. Jino moja limetoka, la pili linacheza. Hadubini wameibamiza ukutani. Sahani yangu imekanyagwa, bakteria wa Hamisi wamesambaa sakafuni kwenye damu ya mzee.

Mama alimlalia Hamisi juu, akajifanya maiti. Wakamruka. Jioni tumempeleka Hamisi nyumbani Gatete kwa machela. Mimi nimerudi kituoni. Tumebaki wawili, daktari na mimi.

Alhamisi, tarehe 20 Machi
Mtumbwi umerudi. Bahati amelala ndani yake, kifua wazi. Doria iliwamiminia risasi baada ya Nyanza-Lac. Mwenzake alipiga kasia hadi hapa akiwa amekanyaga damu yake. Boksi lilikuwa ndani ya shati, limelowa, limekuwa uji mwekundu. Vidonge viko kwenye karatasi ya bati. Vizima. Kumi na vinne.

Nimeviosha. Nimekimbia navyo nyumbani. Nimempa Mama mkononi, nikamwambia kimoja asubuhi, kimoja jioni. Hamisi amemeza cha kwanza nikiwa natazama. Mara wakaja kuniita, majeruhi wengine wamefika. Nikaondoka.

Bahati amezikwa alasiri. Mke wake hakunitazama. Ana haki.

Jumamosi, tarehe 22 Machi
Nimepata saa moja ya kwenda nyumbani. Moto wa mwili umeshuka! Usaha umepungua, harufu imekwisha. Hamisi ameomba ndagala, dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo, akala, akamtania Mama kwamba chumvi ni ya kivita, kidogo mno. Nimetoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya choo.

Bonde limezibwa. Nimesema kwa sauti, peke yangu, njia nzima.

Jumatatu, tarehe 24 Machi
Wanachoma nyumba upande wa milimani. Barabara ya Gatete imefungwa, anayepita anapigwa risasi bila kuulizwa. Tumekata miguu miwili na mkono. Msumeno umeanza kuwa butu. Kuna msichana ameletwa na panga limebaki begani, hawakuthubutu kulitoa. Nimelitoa mimi. Sikuhisi kitu. Hilo limenitisha kuliko panga.

Nimemwaza Hamisi na vidonge vyake. Vya leo viwili, vya kesho viwili. Hesabu ile imenituliza.

Jumatano, tarehe 26 Machi
Wamemleta. Mama na majirani wanne, wamepita porini. Moto umerudi tangu jana. Mguu umevimba hadi kinena, ngozi nyeusi, ukiibonyeza inatoa mlio. Daktari ameomba msumeno.

Tumekata juu kabisa. Ganzi iliisha katikati ya mfupa. Tulikuwa watu watano kumshika. Hamisi amenitukana matusi ambayo sikujua anayajua, kisha akaita jina la baba yetu, kisha akaacha kuita. Nimeubeba mguu mwenyewe hadi shimoni. Ulikuwa na joto bado.

Kwa hiyo hata dawa ile imeshindwa. Kimeng'enya kipya, bonde jingine, sijui. Nimechana fotokopi. Mwalimu anisamehe. Bahati amekufa kwa ajili ya vidonge vilivyo kama chaki.

Ijumaa, tarehe 28 Machi
Hamisi amefariki saa tatu asubuhi. Tumemzika baada ya sala ya Ijumaa, haraka, milio ikisikika. Sanda ilikuwa nyembamba upande wa chini kuliko nilivyozoea. Ni kwa sababu ya mguu.

Jumapili, tarehe 30 Machi
Kimya leo. Mvua asubuhi, kisha jua. Ziwa limetulia.

Nimekaa na Mama uani. Amefungua fundo la kanga yake, akanipa karatasi ya bati iliyokunjwa vizuri. Vidonge tisa.

Nilihesabu mara mbili. Nikauliza hivi ni vya nini.

«Vya Hamisi. Moto ilipopoa nikaacha. Wewe ulisema dawa inazoewa, ikizoewa haifanye kazi tena. Nikasema nimuwekee, mwili isizoee. Moto iliporudi nikamupa kimoja, ikakataa. Nikaficha hivi, utasaidia mutoto wa mwingine.»

Mwili. Miaka kumi na moja nawahubiria watu wa pwani hii kwamba dawa inazoewa, na sijawahi kumalizia sentensi. Aliniuliza inazoewa na nani. Wanaozoea ni bakteria, Mama. Ukiwaacha nusu hai, ndio wanaorudi. Ni maneno machache, yangechukua muda mfupi kuliko kufoka.

Sikuyasema. Nimesema murakoze, asante, Mama. Vidonge nitampa msichana wa bega. Nitampa mwenyewe, kwa mkono wangu, asubuhi na jioni, mpaka viishe. Havitoshi.

Ameniuliza kama alifanya vizuri.

Nimesema ndiyo, ulifanya vizuri.

Akavuta sahani ya chakula, akala kidogo. Ni mara ya kwanza tangu Ijumaa.